TAHADHARI kwa wenye trekta za Massey za zamani: usimwachie mtu dainamo yako (ile inayozungushwa na injini kuchaji betri)

Wakulima wenzangu wa Karatu, Mbulu na Babati, hasa nyinyi wenye Massey Ferguson 35 tulizorithi kwa wazee: kuna muuza spea anazunguka siku za mnada na pikapu, anajiita fundi umeme wa matrekta. Mimi ameshanila laki 3 na nusu, na dainamo juu. Jina lake silitaji kwa kuwa hata alilonipa silo lake, na namba haipatikani tena.

Trekta yangu ni ya 1962, injini ya Perkins, silinda 3. Mwezi wa pili, mvua zinanukia, ikaacha kuchaji. Mshale wa ameta, ile saa ya kuonyesha chaji, unalala katikati hata ukivuta resi mpaka mwisho. Yule bwana akaja, akatega sikio kwenye dainamo, akaigonga na spana mara mbili, akasema: "Mzee wangu, hii imekwisha. Hizi hazitengenezwi siku hizi. Nakufungia altaneta, utanikumbuka."

Kweli namkumbuka. Hakuwa na testa, wala hakugusa waya hata mmoja.

Dainamo akaitupa kwenye pikapu, "chuma chakavu, nakupunguzia elfu 20." Akafunga altaneta, ambayo ni mashine ya kuchaji ya kisasa zaidi, akaunga betri kama ilivyokuwa. Papo hapo moshi, harufu ya plastiki, waya mnene ukawa mwekundu. Hatukuwa tumewasha hata injini! Akanigeukia mimi: betri yangu ndiyo imeua altaneta, na betri anazo, laki 2 na nusu.

Alichokifanya ni hiki. Hizi 35 za Uingereza zenye dainamo ya Lucas zilitoka kiwandani na ethi ya chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Altaneta za kawaida za madukani zinataka hasi kwenye bodi. Ukiifunga bila kugeuza betri, umeme wote unapita kwenye daiodi zake, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, kama maji kwenye mfereji uliobomoka, zinaungua kabla hujasema "zima". Fundi wa matrekta asiyejua hilo hayupo, labda awe mwizi.

Siku tatu baadaye mpwa wangu, fundi rewaya (umeme wa magari), akaja na testa ya elfu 15. Akaangalia kile kiboksi cha kataauti, kinachounganisha dainamo na betri, kwenye tundu lenye herufi E, yaani ethi. Waya wake unakwenda kwenye bolti ya bodi, na chini ya bolti kulikuwa na rangi nyekundu, nzuri, inang'aa. Niliipaka mwenyewe Desemba! Nilipendezesha trekta nikakata ethi. E ikikosa bodi, kataauti haifungi, na dainamo ikizalisha namna gani betri haipati kitu. Ugonjwa wote ulikuwa wa kipande cha msasa na dakika 10.

Kwa hiyo kabla hujamsikiliza mtu yeyote, anza na ethi. Fungua waya mnene wa betri kwenye bodi, sugua mpaka chuma cheupe, kaza, ndipo upake grisi juu. Fanya vivyo hivyo kwa E. Kisha waya mmoja wa testa kwenye nguzo ya betri iliyofungwa bodini, mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata: ikivuka nusu volti, ethi bado mbovu. Dainamo yenyewe ipime hivi: toa nyaya kwenye tamino zake mbili, D na F, unganisha hizo tamino mbili kwa kipande cha waya, pima kati ya hapo na bodi, pandisha resi taratibu. Volti zikipanda vizuri kuelekea 20, dainamo ni nzima, usizidishe resi. Na kama uliwahi kugeuza betri iwe hasi kwenye bodi, dainamo inahitaji kuzoeshwa upya: nyaya zikiwa zimetolewa, gusisha F na waya kutoka upande wa betri usiofungwa bodini, mguso mfupi tu, mara mbili tatu.

Sasa sikieni kilichonifanya niandike. Wiki iliyopita jirani wa kijiji cha pili aliniita nione "Lucas mpya, orijino" aliyouziwa laki 4. Rangi nyeusi mbichi, stika safi. Nikaigeuza. Sikio la chini, pale bolti inapoifunga, lina mshono wa welding, mnene, umepinda kama kiwavi. Mshono huo alichomelea marehemu baba, mimi nikimshikia ngao ya macho.

Nimeinunua tena kwa bei aliyoinunulia, maana naye ameibiwa kama mimi. Inachaji. Yule bwana alionekana Jumamosi mnada wa upande wa Babati, pikapu ileile nyeupe, na nyuma kuna dainamo nyingine mbili.