Goma–Bukavu: kanoti ya asubuhi au meli ya usiku?

Kanoti, yaani boti ya kasi, huvuka Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo (DRC), kwa saa tatu hivi. Meli ya usiku hung'oa nanga jioni na kukufikisha alfajiri. Usihukumu kwa nauli peke yake: mwenye kabini melini anaokoa bei ya hoteli ya usiku mmoja. Sitahani ni habari nyingine. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya saa tisa usiku hupenya koti. Beba blanketi.

Kanoti ni ya mwenye begi moja. Gunia la viazi liende na meli. Panda kanoti ya kwanza ya asubuhi, kabla upepo haujapanda, kwani kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki huamsha mawimbi, na aliyekaa mbele ndiye anayerushwa zaidi. Kaa nyuma.

Popote upandapo, vaa jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka gatini na ufunge kamba zote. Ukiona watu wamejazwa hadi vijiani, shuka. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, mji wa ufuoni mwa ziwa, ilizama karibu na Kituku, bandari ya Goma, imejaa kupita kiasi, ufuo ukionekana.