Breki Dhaifu kwenye Bodaboda Iliyotumika: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Bodaboda nyingi zinazouzwa baada ya kutumika, ziwe Boxer, TVS HLX au zile za Kichina, zina breki za dramu mbele na nyuma, na lawama ya mnunuzi mpya huwa ni ileile: mkono wa breki unavutwa hadi unakaribia kugusa mpini, ilhali pikipiki bado inaserereka. Kwenye maduka ya spea, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ataonyeshwa upesi vifaa vya diski. Kwa maoni yangu diski ni ya mwisho katika orodha, kwani sehemu kubwa ya nguvu iliyopotea hurudi kwa vitu vya bei ndogo zaidi.

Kabla ya kununua chochote, tazama wenzo mdogo ulio kwenye habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu. Breki inapokamata, waya na wenzo huo vinapaswa kufanya pembe inayokaribia nyuzi 90. Pembe ikipita hapo kwa mbali, nguvu ya mkono wako inapotea bure. Angalia pia alama ndogo iliyochongwa kwenye ncha ya kamu, kile chuma kinachozungushwa na wenzo ili kupanua breki, na nyingine kwenye wenzo, ambazo kwa kawaida hutakiwa kuelekeana. Zisipoelekeana, huenda mtu alichomoa wenzo na kuurudisha jino moja nyuma ili breki iliyokwisha ionekane nzima, jambo la hatari kwa sababu kamu inaweza kugeuka kupita kiasi na kufunga gurudumu.

Nafasi ya kwanza naipa breki shuu, vile vipande viwili vya mviringo vinavyosugua dramu kwa ndani, tena za mbele kabla ya nyuma, kwa kuwa pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake huhamia gurudumu la mbele, hata kama madereva wengi wameizoea pedeli na kuuogopa mkono. Dukani, usiridhike na boksi. Itoe breki shuu, uiinamishe kwenye mwanga na ufuate kwa ukucha mstari wa gundi kati ya alumini na mkanda unaosugua dramu: gundi inapaswa kujaa kutoka ukingo hadi ukingo, bila pengo la kuingiza hata karatasi, kwa sababu mkanda uliogandishwa vibaya hubanduka ukishapata moto. Nenda na ile ya zamani ulinganishe upana, tundu la pini na ncha inayokaa kwenye kamu.

Hata breki shuu nzuri haikamati vyema siku ya kwanza, kwa kuwa mduara wake haulingani kabisa na dramu iliyolika. Mwambie fundi aipake chaki, aifunge, azungushe gurudumu huku akibana breki kidogo, kisha aifungue. Chaki itakuwa imefutika mahali panapogusa tu. Ikiwa pamefutika katikati au nchani peke yake, hapo ndipo pa kupiga msasa kidogo kidogo hadi mguso uenee. Kazi hii mafundi wengi huiruka, nami naihesabu kuwa na thamani kuliko tofauti ya bei kati ya breki shuu mbili. Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa pampu ya upepo, kwani huenda lina asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Nafasi ya pili ni waya wa breki pamoja na ganda lake. Waya uliochanika nyuzi, au ganda lililolegea na kupinda, hula sehemu ya mvuto kabla haujafika kwenye habu. Ukishafunga mpya, acha mchezo, yaani mvuto mtupu kabla breki haijaanza kukamata, wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wa breki.

Ya tatu ni springi za breki shuu, na sili ya habu iwapo grisi ya beringi imevuja. Breki shuu iliyokunywa grisi haisafishiki kwa petroli, itupwe.

Dramu yenyewe inaweza kuchongwa kwenye mashine ikiwa ina ngazi ya kulika, ila kipimo cha mwisho kimeandikwa ndani yake: dramu ya milimita 110 kwa kawaida hukomea 111. Ikishapita hapo, nunua habu au rimu nyingine. Tairi lililoisha kashata nalo libadilishwe, maana breki haiwezi kuzidi mshiko wa tairi barabarani.

Usinunue vipande vya bati vya kuvika ncha za breki shuu zilizolika, wala wenzo uliorefushwa kwa kuchomelea. Wenzo mrefu huongeza nguvu kweli, lakini hudai mvuto mrefu zaidi wa waya, na mkono wako utafika kwenye mpini kabla breki haijamaliza kazi.

Diski inamfaa anayebeba mizigo kwenye miteremko mirefu, mfano wa ule wa kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, ambako dramu hupata moto na kulegea hata kwa dereva anayeshuka kwa gia ndogo. Inunuliwe kamili kutoka pikipiki ya aina moja na yako: gurudumu, ekseli, shokapu zenye masikio ya kushikilia kalipa (kifaa kinachoibana diski), pampu ya kwenye mpini na mpira wake wa kupitisha mafuta. Mafuta ya breki yawe mapya, ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha pampu, kwani yale ya zamani hufyonza unyevu na kuchemka mapema. Muuzaji akikuambia kwamba shokapu zako zitachomelewa masikio, mrudishie vifaa vyake.