Chupa saba kutoka Ubelgiji hadi Tabora: uzoefu wangu

Katikati ya Brussels, jirani na jengo la zamani la soko la hisa, kuna mtaa mfupi unaitwa Rue de Tabora. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini kwetu, Tabora, tarehe 19 Septemba 1916 wakipigana na Wajerumani, na jina likabaki huko. Kwenye mtaa huo, ukiingia kichochoro chembamba, utaikuta baa kongwe ya À la Bécasse, ambako lambiki, bia chachu ya Ubelgiji, huletwa mezani ndani ya jagi la udongo. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Tabora. Siku ya kwanza nilipoonja ile kitu, na uchachu wake na utamu wake wa mbali, nilinyamaza kabisa. Ladha ile niliijua. Ilikuwa ndugu wa wanzuki, pombe ya asali, ya shangazi yangu.

Kuanzia hapo nilikuwa na nia moja: nikienda likizo, shangazi lazima aionje. Julai mwaka jana nikaitimiza. Kwa Wazungu huo ni msimu wa joto. Kwetu ni kipupwe, vumbi na upepo, watu wamejifunga vitenge mabegani asubuhi. Nakuja kuamini hakuna mwezi mzuri kuliko huo kwa bia za aina hii.

Nilibeba chupa saba. Mbili za Oude Geuze Boon, ambayo ni lambiki iliyochanganywa na kutiwa kwenye chupa, na moja ya Saison Dupont, zote za sentilita 75. Halafu Orval mbili na Westmalle Tripel mbili, hizi ndogo za sentilita 33. Ni karibu kilo saba za mzigo, kwa hiyo jua kwamba utaacha vitu vingine. Kila chupa niliivisha soksi nene, nikaizungushia nguo, nikaipanga katikati ya begi. Hata hivyo Westmalle moja ilivunjika njiani na kulowesha vitenge nilivyomnunulia mama mdogo. Iliniuma. Tangu hapo natumia mfuko wa plastiki mzito juu ya soksi, mmoja kwa kila chupa.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alijue: usizifungue siku unayofika. Bia hizi zina mashapo chini, na safari ya ndege na basi huyatibua yote. Nilizisimamisha wima kwenye kona ya chumba siku tatu, na watoto wa nyumbani nikawaomba wasiziguse.

Saison ndiyo tuliyoanza nayo, na hapo tulikosea. Binamu yangu, kwa mapenzi yake tu, aliitia kwenye friza kama anavyofanya bia anazozoea. Ilipomiminwa haikuwa na harufu yoyote, baridi tupu. Tukaiacha mezani kama dakika ishirini, ndipo ikaanza kuzungumza: ukali kidogo kama pilipili manga, ukavu safi mwishoni, povu jeupe lililokataa kushuka. Binamu akasema hii angeweza kuinywa kila Jumamosi. Ina asilimia 6.5 ya kileo, si kali sana. Nikamweleza baba mkubwa kwamba bia za namna hii zilipikwa kwenye mashamba ya kusini mwa Ubelgiji, zikapikwa wakati wa baridi ili wafanyakazi wa msimu wawe na cha kunywa kiangazi. Baba mkubwa hanywi, ni mtu wa dini, alikuwa na togwa yake kwenye kikombe cha bati, lakini habari hiyo ilimgusa kuliko sisi tuliokuwa tunakunywa. Akatuhadithia enzi za baba yake: ukiita watu wakusaidie kuinua matuta, pombe ndiyo iliyowangoja mwisho wa shamba, na mwenye pombe mbaya mwaka unaofuata alilima peke yake.

Orval tuliinywa na marafiki zangu wawili niliosoma nao sekondari, na kuku wa kienyeji wa kuchoma. Ina uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na nyuma yake kuna harufu kama ya ngozi na nyasi kavu. Inapikwa kwenye nyumba ya watawa wa Trapisti, na chachu ya mwituni hutiwa kwenye chupa ndiyo maana ladha yake hubadilika miezi inavyokwenda. Rafiki mmoja aliipenda sana. Mwingine alisema imemshinda, na sikumlaumu. Westmalle iliyopona tuliigawana watu wanne. Ni asilimia 9.5, tamu, laini, na kwa sababu ya ulaini huo inahitaji heshima. Mtu asiendeshe pikipiki baada yake.

Lakini nilikuja kwa ajili ya Geuze.

Jumapili mchana, shangazi alifika kutoka Uyui amebeba dumu dogo la wanzuki na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Tulikuwa kama watu kumi na mbili chini ya mwembe. Chupa ilikuwa imelala usiku kucha nje ndani ya ndoo ya maji, na usiku wa Julai Tabora hushuka hadi kama nyuzi 15, kwa hiyo ilikuwa na ubaridi wa mtungi, si wa barafu. Nilifungua kijiwaya, nikashika kizibo kwa kitambaa na kukizungusha taratibu. Kikatoka kwa pumzi ndefu. Nikamimina polepole, chupa imeinama vilevile bila kurudishwa wima kati ya glasi na glasi, mpaka nilipoona weusi wa mashapo unakaribia shingo, nikaacha.

Shangazi hakunywa. Alichukua glasi, akaisogeza sikioni. Nilikuwa nimesahau kwamba ndivyo anavyofanya nyumbani kwake, huinamia mtungi kusikiliza kama asali imeshaanza kazi. Kisha akanusa, akanywa kidogo, akaweka glasi chini na kuniuliza, "Baba, hawa wametia hamira gani?"

Nikamwambia hawakutia. Wanapika kimea cha shayiri pamoja na ngano isiyooteshwa, wanakimimina kikiwa moto kwenye sinia kubwa la chuma lenye kina kifupi, juu darini, madirisha wazi. Usiku wa baridi unapita, na vilivyomo hewani vinaingia vyenyewe. Asubuhi kinaingia kwenye mapipa ya mwaloni. Miezi ya joto hawapiki, kwa sababu hewa hiyo huwa na vijidudu vingi vya kuharibu. Halafu wanachanganya ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu. Ile changa bado ina sukari, nayo ndiyo inayotengeneza gesi ndani ya chupa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na mimi mtungi wangu sijawahi kuuosha kwa sabuni," akasema. Akaeleza, na hapa hata mama mdogo alisogeza kiti: anaosha kwa maji ya moto tu, maana ukiusugua unafukuza kile kinachochachusha. Asali yake ni ya mizinga ya msituni, kila lita moja anaweka maji kama lita nne, anafunika kwa kitambaa na kuuweka karibu na jiko. Siku ya tatu ni tamu, ya wanawake wanaonyonyesha kuonja tu na kurudisha. Siku ya sita imekomaa. Na anapopeleka kwenye sherehe huchanganya ya zamani na mpya, ili iwe na nguvu na bado icheke.

Tukaweka glasi mbili sambamba. Wanzuki ilikuwa nzito zaidi, ya rangi ya mawingu, harufu ya nta na moshi kidogo. Geuze ilikuwa kavu, ya dhahabu, na uchachu wake uliingia pembeni mwa ulimi kama ndimu. Tulikula matobolwa na karanga za kuchemsha katikati, na nasema kwa uhakika wote: utamu wa kiazi kikavu na uchachu wa Geuze ni ndoa ambayo sijaikuta kwenye mgahawa wowote Brussels. Kama una ndugu wa kukutumia matobolwa, jaribu.

Je, ningebeba tena? Geuze, ndiyo, na Saison pia. Orval ningempelekea mtu ninayejua anapenda uchungu. Bei si ya kila wiki, lakini chupa ya sentilita 75 inatosha watu sita kuonja vizuri, na ndivyo inavyotakiwa kunywewa. Anayetaka bia ya kukata kiu baada ya mpira asinunue hii, atakasirika bure.

Chupa ilipobaki na mashapo yake, nilitaka kuimwaga. Shangazi akaniwahi mkono. Aliyamimina yale mashapo kwenye kibuyu, akayaongezea asali na maji, akafunga kwa jani la mgomba na kuondoka nacho kwenye basi la jioni.

Baada ya wiki mbili nilikuwa nimesharudi Ubelgiji. Nikapokea ujumbe wake wa sauti: kibuyu kilichelewa kuamka, siku nne kimya, ya tano kikaanza, na sasa ana wanzuki kavu yenye harufu ya mbao ambayo majirani wanaulizana imetoka wapi. Anaiongezea asali kila inapopungua. "Mwakani niletee mbili," alisema, "moja ya kunywa, moja ya kibuyu."