Buti za ngozi za wawindaji, mtumba wa soko la Kibuye, Kisumu: nimeenda nazo Elgon na Menengai, maoni yangu ni haya

Buti hizi zilishonwa Ujerumani kwa watu wanaowinda kwenye milima ya Alps. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977 kwa hivyo hakuna mtu anazitoa Kibuye aende nazo porini na bunduki, lakini kama wewe ni wa kupanda Elgon, kushuka ndani ya Menengai ama kuzunguka Cherangani, tafuta hizi kwanza kabla hujaangalia zile za kitambaa zenye rangi kali. Mwindaji wa mlimani hafuati njia iliyofyekwa, anapita ubavuni mwa mlima kwa mawe yaliyolegea na nyasi zenye umande, mzigo mgongoni, siku nzima, na hawezi kukaa chini kila saa kuangalia kidole. Ndio maana buti yake ina shingo ndefu inayoshika kifundo, ngozi nene, mpira umezungushwa chini kote mawe yasikwangue ngozi, na soli ngumu. Elgon nayo ukishaacha barabara ya kutoka lango la Chorlim inakupa hayo yote na matope juu yake.

Nilizichukua Jumapili, siku ambayo Kibuye inajaa, kwa 4,500 baada ya kuvutana bei vizuri. Zikiwa mpya huko Ulaya ni mamia ya euro. Soli ina kile kibandiko cha njano cha Vibram, na hiyo si urembo, Vitale Bramani aliianza hiyo soli ya mpira yenye meno 1937 baada ya marafiki zake kufa milimani Italia wakiwa na viatu visivyofaa, na mpaka leo ukikanyaga jiwe lenye maji unasikia ile kushika.

Sasa hapa kwa mtumba nisikilize sana, juu pesa nyingi inapotelea hapa. Kati ya soli ya chini na ngozi kuna tabaka la povu, kwa buti nyingi za mlima ni la poliurethani, na hilo povu linaoza taratibu kwa unyevu wa hewa hata kama buti haijavaliwa, yaani buti imekaa miaka kumi kwa kabati la mzungu ikiwa safi kabisa inaweza kuachana na soli yake siku ya kwanza ukiwa katikati ya mlima. Buti inayong'aa sana na soli haijalika hata kidogo ndiyo ya kuogopa zaidi. Bonyeza hilo povu na kidole gumba kwa nguvu, likirudi polepole ama likiwa na nyufa ndogo ndogo ama likimwaga unga, rudisha. Kisha ikunje mara kadhaa na usikilize. Muuzaji atanuna kidogo, mwambie tu, "Mama nisamehe, hii ni ya kwenda mlima, lazima niikague," na mama yangu wa Kibuye alinijibu, "Kagua mwanangu, ukianguka utanirudia mimi."

Ugumu wa soli pia uangalie. Kampuni za Bavaria, Ujerumani, kama Meindl na Hanwag zinapanga buti zao kwa herufi, A ni ya kutembea njia laini, D ni ya barafu na miamba, na kwa Elgon wewe unataka katikati, B ama ile iliyo kati ya B na C. Kwa mtumba hakuna wa kukuambia herufi, ishike mbele na nyuma uipinde, ikikunjika kama chapati hiyo ni ya mjini, ikikataa kabisa hiyo ni ya barafu na itakuchosha bure.

Saizi ndio kila kitu. Watu wanapima buti wakiwa wamesimama sawa kwa kipande cha katoni na wanasema imenitosha, lakini buti ya mlima inapimwa kwa mteremko. Nenda alasiri wakati mguu umeshavimba kidogo, beba soksi zako nene zile utavaa mlimani, ingiza mguu bila kufunga kamba usukume vidole mpaka mbele kabisa, nyuma ya kisigino kidole kimoja kiingie bila kulazimisha. Kisha funga kamba, tafuta mahali pana mwinamo, hata ile ngazi ya kibanda, ushuke ukikanyaga kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele hapo kwa ngazi, kushuka kilele cha Koitobos pale Elgon utapoteza kucha. Halafu panda, na usikilize kisigino, kikiinuka ndani ya buti zaidi ya kidogo sana wachana nazo hata kama bei ni ya kutupa, kwa sababu buti iliyo pana itajazwa na soksi lakini kisigino kinachocheza hakuna dawa kamili.

Malengelenge yanatoka hapo hapo. Mfupa unaenda, ngozi imeshikwa na soksi, tabaka za ngozi zinavutana kwa ndani mpaka zinaachana na maji yanajaa kati. Ngozi yenye jasho inashika soksi zaidi kuliko ngozi kavu, ndio maana soksi za pamba ni adui, zinanyonya jasho na kukaa nalo. Tafuta za sufu, mtumba ziko, na ndani yake vaa soksi nyembamba ya nailoni ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi. Mimi pia hununua ile plasta nyeupe ya kitambaa ya rolo pale kwa kemisti, naibandika kisigino kabla ya safari ngozi ikiwa kavu, na nakata kona ziwe mviringo zisianze kubanduka. Ukisikia joto mahali kwa mguu, simama hapo hapo, usingoje mfike kambi, hata kama kikundi kinakuacha.

Sasa mlimani. Koitobos ni mita 4,222 na kabla uifikie unapita nyasi za mafungu mafungu ambazo mguu ukiteleza kati yake unageuka, na hapo shingo ya buti ilifanya kazi yake, kifundo kilibaki sawa. Mvua ya mchana ilitupata, maji hayakuingia kupitia ngozi. Kushuka ndiko nilikozipenda kabisa, nililegeza kamba kidogo pale juu ya vidole na nikakaza pale mguu unakunjika kwa fundo la kuzungusha mara mbili, kisigino kikakaa nyuma na vidole havikuguswa. Menengai ni habari nyingine, ile lava chini ni makali matupu, lakini ule mpira wa pembeni umekwaruzwa tu, ngozi iko sawa.

Uzito upo, pea ni karibu kilo mbili, na mapaja yatakuambia. Joto pia. Kisumu usizivae, na kwa msitu wa Kakamega ni nyingi mno, huko kiatu chepesi kinatosha. Maji yakiingia kwa juu, tuseme umevuka mto, ule utando wa ndani wa kuzuia maji unayazuia kutoka na kukauka ni siku mbili. Jaza magazeti, badilisha yakilowa, weka kivulini penye upepo na usizikaribishe moto, ngozi itapasuka na gundi iachie. Kiwi inang'arisha lakini ngozi nene inataka nta, ile yenye nta ya nyuki, uipake buti ikiwa safi. Na kabla ya mlima wowote zivae kwanza nyumbani jioni, kisha uende nazo vilima vya Riat ama Kajulu na mzigo mdogo.

Kwa kina dada, namba 38 na 39 ni ngumu kupata, na zile za wanaume wenye mguu mdogo mara nyingi ni pana kwa kisigino. Muombe muuzaji akuwekee za kike mara tu belo likifunguliwa, na kwa namba hizi usingoje ile alasiri niliyosema, ufike asubuhi mapema, kufikia saa nne zilizo nzuri zimeshaenda.