Makumbusho ya Midway, San Diego: vaa raba

Nyota tano. Hii ni manowari ya kubeba ndege iliyotumika 1945 hadi 1992. Mwanangu alikimbilia helikopta. Mimi niliganda sitahani kumsikiliza mzee mmoja, rubani mstaafu. Bawa linataka upepo, alisema, kwa hiyo meli huelekezwa upepo unakotoka, ikakazana, kisha manati ya mvuke ikairusha ndege. Marehemu babu, nahodha wa jahazi Lamu, angecheka: yeye upepo aliutaka nyuma!

Kutua ndiko kugumu. Usiku, ukungu, sitaha inapanda na kushuka na mawimbi. Magurudumu yakigusa tu, rubani anafungulia injini kwa nguvu zote, tayari kupaa tena, kulabu ya mkiani isije ikakosa waya wa kuinasa ndege akatumbukia baharini.

Ngazi zimesimama wima. Nilivaa dera, kosa langu.