Paundi 45 zilinichelewesha, paundi 30 ndo zikanifundisha: uzoefu wangu wa mwaka na zaidi na upinde wa asili

Naandika hii kwa mtu ambaye ameanza kuangalia angalia pinde na hajanunua bado, kwasababu mimi nilinunua kwanza halafu ndo nikaanza kuuliza, na miezi mitano yangu ya mwanzo ikaishia hapo. Naongelea pinde za asili, hazina puli (yale magurudumu ya kusaidia kuvuta), hazina saiti (kifaa cha kulengea), unavuta kwa vidole na unalenga kwa jicho lako basi.

Upinde wangu wa kwanza ulikuwa longibo, ule upinde mrefu ulionyooka, ya kipande kimoja, urefu inchi 68, paundi 45, yaani nguvu inayotakiwa kuuvuta. Nilivutiwa na mbao zake kiukweli, nyeusi na nyeupe zimepangwa kwa mistari, mshikio umezungushiwa ngozi, nikauvuta mara moja pale pale dukani ukaja mpaka shavuni nikasema huu naumudu. Sasa hapo ndo nataka unisikilize vizuri. Kuvuta mara moja siyo kipimo kabisa. Kipimo ni mshale wa arobaini wa siku hiyo, kwamba bado unavuta mpaka kidole kinafika kona ya mdomo, unatulia sekunde mbili tatu, mzigo umekaa mgongoni na siyo begani, halafu ndo unaachia. Mimi nikifika mshale wa kumi na mbili mkono wa kushoto unatetemeka, naachia kabla sijafika mdomoni, mshale mmoja unakwenda juu na mwingine chini, na nikadhani tatizo ni jicho langu. Bega likaanza kuuma usiku nikapumzika wiki tatu nzima.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza ni kwamba ile namba kwenye upinde ina masharti. Ukiona imeandikwa 45 halafu 28, maana yake ni paundi 45 ukiuvuta mpaka inchi 28, basi, ukizidisha inchi moja unaongeza kama paundi mbili mpaka tatu hivi na ukipunguza inchi moja unapunguza hivyo hivyo. Urefu wako wa kuvuta unaupima kirahisi, nyoosha mikono yote miwili pembeni, mtu akupime toka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kingine, gawanya kwa 2.5. Mimi nina sentimita 183, ni kama inchi 72, ukigawanya unapata 28.8. Kwahiyo nikivuta inavyotakiwa nilikuwa nashika karibu paundi 47, na nisipofika, ambayo ndo ilikuwa kila mara, nasimama kwenye inchi 26 au 27. Kila mshale ulikuwa unatoka na nguvu yake tofauti! Hapo hata uwe na macho ya mwewe hulengi kitu.

Mzee mmoja aliyepiga upinde miaka mingi alinitazama nikipiga mishale sita tu akaniambia "mwanangu, huo upinde unakuvuta wewe", akanipa wake wa paundi 28 nijaribu. Siku ile ile mishale yangu ikaanza kukaa pamoja.

Basi nikanunua rikavu, upinde ambao ncha zake zimejikunja kwenda mbele, ya kufungua vipande vitatu, inchi 64, limbi za paundi 30. Kwa asiyejua, limbi ni ile mikono miwili inayopinda, juu na chini, na raiza ni kile kipande cha katikati unachoshika. Uzuri wa aina hii ni kwamba limbi zinafungwa kwa skrubu mbili kubwa za kuzungusha kwa mkono, ukishakomaa unanunua limbi nzito zaidi na raiza inabaki ile ile. Longibo ya kipande kimoja ukikosea paundi umekosea upinde mzima, huna cha kubadilisha. Kwa mtu anayeanza sioni sababu ya kuchukua kingine, na kwa mtu mzima mwenye mwili wa kawaida mi nasema paundi 20 mpaka 30, ukisikia mtu anakwambia "we mbona una nguvu chukua 50" achana naye. Misuli ya kuvuta upinde hata wanaonyanyua vyuma wengi hawajawahi kuitumia hivyo. Urefu nao uangalie, kama mikono yako ni mirefu kama yangu upinde mfupi sana unabana vidole kwenye uzi ukivuta mpaka mwisho.

Mazuri yake nimeshasema. Ambayo hayakunifurahisha: kile kiegemeo cha plastiki cha mshale kilichokuja nacho kilibanduka wiki ya pili, nikakitoa nikabandika kipande cha manyoya laini kwenye shelfu ya raiza, ile sehemu bapa juu ya mshikio mshale unapolala, na sasa napigia hapo hapo. Halafu kifaa cha kufungia uzi hakikuwemo kwenye boksi, na hiki ndo naumia nacho zaidi maana nilishaharibu limbi moja ya longibo kwa kufunga kwa kupitisha mguu katikati, ule mtindo unaouona watu wanafanya, limbi ikapinda pembeni na uzi haukai tena katikati. Kile kifaa ni kamba tu yenye vifuko viwili vya ngozi, unakanyaga kamba, unanyanyua raiza, limbi zote mbili zinapinda sawa. Kinunue siku moja na upinde, usisubiri.

Na ulikuwa una kelele, kila nikiachia unalia kama mlango. Nikaja kujua ni uzi kuwa karibu mno na raiza. Kuna umbali unaotakiwa toka uzi mpaka sehemu ya ndani kabisa ya mshikio, mtengenezaji anaandika, wangu unatakiwa inchi 7 na nusu mpaka 8 na robo na mimi nilikuwa kwenye 7. Unafungua uzi, unausokota mizunguko kadhaa, unafupika, unafunga tena unapima. Nilivyofika 8 ukatulia kabisa na hata mkono ukaacha kutetemeka baada ya kuachia. Ila uzi ukae ule uliopendekezwa, kama upinde ni wa zamani au ncha za limbi hazijaimarishwa tumia dakroni ambayo inavutika kidogo, nyuzi ngumu za kisasa zinaweza kupasua ncha.

Sasa mishale. Hapa ndo pana utajiri wote na ndo watu wanapobana pesa, mi ningekwambia bora upinde wa kawaida na mishale inayoufaa kuliko kinyume chake. Mshale ukiachiwa hauendi umenyooka, unajipinda na kuupita upinde kama nyoka halafu ndo unanyooka mbele. Ugumu wa kule kujipinda unaitwa spaini. Wanapima kwa kuning'iniza uzito wa gramu 880 katikati ya wano, yaani ule mti wa mshale, wano likiwa limeegemea nguzo mbili zilizoachana inchi 28, kisha wanaangalia limeshuka kiasi gani, likishuka nusu inchi ni spaini 500. Kwahiyo namba kubwa ndo mshale laini, usichanganye. Mimi kwa ushamba wa mwanzo nilichukua mishale ya kaboni spaini 400, mtu alikuwa anaitumia kwenye upinde wa puli, ilikuwa inagonga raiza tak, na yote inaelekea kushoto, na kwa mtu wa mkono wa kulia kama mimi hiyo ndo dalili ya mshale mgumu kupita upinde. Ikiwa laini sana inaelekea kulia. Nikahangaika kurekebisha vidole wakati kosa lilikuwa kwenye wano!

Kwa limbi zangu za 30, ambazo kwangu zinafika kama 32, niliishia spaini 700, sikuikata ikabaki inchi 31, chembe (ile ncha ya mshale) ya greini 125, greini ni kipimo kidogo cha uzito, mbele. Usikate mishale mapema jamani, mshale mrefu ni laini zaidi na ukikata unakuwa mgumu, ukishakata huwezi kurudisha. Chembe nzito nayo inaulainisha. Anza na mitatu tu ya kujaribu, mmoja bandua manyoya yote uupige sambamba na wenye manyoya kwa mita kama kumi, ukitua karibu na wenzake uko sawa, nunua dazeni. Na manyoya yawe ya ndege kweli, yale ya plastiki yakipita kwenye shelfu hayalali, yanagonga na mshale unaruka pembeni, ya ndege yanalala yanapita. Mvua tu ndo adui yake.

Kaboni kabla ya kupiga ipinde kidogo karibu na sikio usikilize, ikitoa mlio wa kupasuka itupe, ikivunjika wakati wa kuachia vipande vinaingia mkononi. Mbao hivyo hivyo, ikague kwa macho na kucha. Na usiachie uzi bila mshale hata mara moja, nguvu yote inarudi kwenye limbi.

Vidogo vidogo: kinga ya mkono ni lazima, alama ya uzi kwenye kiwiko nilikaa nayo siku kumi. Glavu niliitumia mwanzo, ikaanza kuchimbika mifereji kwenye vidole na uzi unanasa, nikahamia kwenye kile kipande cha ngozi cha vidole vitatu na kuachia kukawa kusafi. Podo, mfuko wa kubebea mishale, chukua yoyote, haibadilishi kitu. Halafu kwenye uzi weka alama ya kudumu ya kukaa noki, ule mpasuko wa nyuma ya mshale, mi nilianzia nusu inchi juu ya usawa wa shelfu halafu nikarekebisha kidogo kidogo.

Hivi sasa nina mwezi wa tisa na hizi limbi za 30, napiga mishale kama 80 siku nne kwa wiki, na kwenye mita 15 raundi zangu nyingi za mishale sita zinaingia kwenye duara la ukubwa wa sahani. Limbi za 35 nimeshanunua, nazivuta bila haraka mwisho wa mazoezi, mishale sita tu. Ile longibo ya 45 ilishapata limbi mbovu kwahiyo haipigi tena, imening'inia ukutani, ila mbao zake bado nazipenda sana.