Detekta ya Metali kwa Ziwa Kivu: Ipi Ununue Kwanza

Wauzaji wa detekta za metali hupenda kuanza na kina: hii inazama mita 3, ile mita 20, nyingine mita 60. Kwa mtu wa Goma anayetafuta pete ya ndoa, funguo za pikipiki au propela ya mtumbwi, hilo liwe swali la mwisho. Vitu vyetu vingi hudondokea pale tunapoogea, tunapofulia, tunapochota maji kwa bidoni na pale maboti yanapopakia, kama bandari ndogo ya Kituku. Ni maji ya magotini mpaka kifuani. Na kinachozishinda mashine nyingi hapa kwetu ni mchanga, wala si maji.

Mchanga wa ukingo wa Goma ni lava ya Nyiragongo iliyosagika. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na chini yake zimelala nyingine za zamani zaidi. Ndani ya mawe hayo mna magnetiti, madini ya chuma yanayonaswa na sumaku. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, iburute kwenye mchanga mkavu, uitazame inavyoota ndevu nyeusi. Detekta hutuma mawimbi ya sumaku ardhini kisha husikiliza kinachorudi. Magnetiti hurudisha kelele nyingi, na sauti ya pete nyembamba humezwa humo. Sarafu ambayo kwenye udongo mzuri ingesikika ikiwa imefukiwa sentimita 20 au 25, hapa unaweza kuipita ikiwa juu zaidi ya hapo.

Kwa hiyo lipia kwanza uwezo wa mashine kusawazishwa na ardhi. Unabonyeza kitufe, unainua na kushusha sahani yake, ile duara iliyo mwishoni mwa fimbo, juu ya mchanga usio na kipande chochote cha chuma, mpaka mashine iizoee ardhi na kunyamaza. Isiyoweza kufanya hivyo itapiga kelele kutwa nzima, nawe utaishia kuizima na kurudi nyumbani. Bukavu nako ni nchi ya lava ya zamani, na udongo wake mwekundu umejaa chuma, basi ushauri ni uleule.

Maji yenyewe yana tabia yake. Kivu lina madini mengi kuliko maziwa mengi ya maji baridi, na hupitisha umeme karibu mara mbili ya Tanganyika, na maji yanayopitisha umeme nayo huipigia detekta kelele. Bado hayafiki hata karibu na maji ya chumvi ya bahari. Mashine ya masafa mengi, yaani inayotuma mawimbi yenye kasi tofauti za mtetemo kwa pamoja, iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari itakusaidia, ila si lazima kwa anayeanza.

Ya kwanza kwangu ni Nokta Simplex Ultra, kutoka Uturuki. Hufanya kazi kwa masafa ya kilohezi 15, ambayo husikia vizuri dhahabu ndogo. Mashine nzima huingia maji mpaka mita 5, ina taa, na hutetemeka mkononi inapopata kitu. Mtetemo huo una faida kubwa mahali penye kelele za injini na watoto wanaoogelea. Huchajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika pawabenki inatosha. Fimbo yake huingizwa ndani ikawa fupi, unaibeba mgongoni juu ya pikipiki bila shida. Bei ya nje ni kama dola 300, kabla hujaongeza usafiri na ushuru wa forodha.

Ukikosa hiyo, chukua Minelab X-Terra Pro, ya Australia. Bei inakaribiana, kina ni mita 5 vilevile, na unaweza kuchagua masafa: kilohezi 5, 8, 10 au 15. Kwa pete nyembamba ya dhahabu weka 15. Kwa kipande kikubwa cha shaba au fedha, shuka. Sibishani na mtu anayeiweka juu ya Simplex.

Nafasi ya pili naipa Minelab Equinox 700. Kama mashine, inazishinda zote mbili. Hutuma masafa mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo hutulia zaidi juu ya mchanga mweusi. Tatizo ni bei, dola 600 hadi 700 nje ya nchi. Inunue kama kutafuta vitu vya watu ndiyo kazi utakayolipwa, siyo kwa kutafuta pete moja ya shangazi.

Ya tatu ni Garrett AT Pro, ya Marekani. Ni ya zamani kidogo, huishia mita 3, lakini unaweza kuisawazisha mwenyewe kwa mkono, nayo hula betri nne za AA zinazopatikana kwenye kibanda chochote cha mtaa. Kwa mtu wa Idjwi au Minova ambako umeme ni wa kuotea, hiyo peke yake inaweza kuipandisha mpaka ya kwanza. Angalizo: visikilizio vinavyokuja nayo ni vya nchi kavu. Vya majini hununuliwa pembeni.

Nokta PulseDive nimeiweka ya nne, ingawa kwa Goma ina kazi ambayo nyingine haziwezi. Sehemu kubwa ya ukingo wetu ni mabonge ya lava yaliyopasuka, na sahani yenye upana wa sentimita 28 haipiti kwenye nyufa zake. PulseDive ni ndogo, unaishika kama tochi na kuisukuma katikati ya mawe. Hutumia mapigo ya umeme, kwa hiyo magnetiti haiisumbui sana, na huzama mpaka mita 60. Ubaya wake ni kwamba haibagui. Msumari wa mtumbwi, kizibo cha bia na dhahabu vyote kwake ni mlio mmoja, na kwenye fukwe zetu misumari ni mingi kuliko dhahabu. Iwe ya pili kumiliki, isiwe ya kwanza.

Za mwisho ni Garrett ACE 300 na wenzake wa bei hiyo. Sahani yao huingia majini, kisanduku cha juu hakiingii. Wimbi moja la boti linalopita, umepoteza mashine. Tena usawazishaji wao umewekwa kiwandani, huwezi kuubadili. Ni nzuri shambani, ziwani hapana.

Mashine za gharama kubwa kama XP Deus II ya Ufaransa, inayozama mita 20, au Minelab Excalibur II, inayozama zaidi ya mita 60, ni za wapiga mbizi wenye mafunzo. Sizipendekezi hapa. Kwenye ghuba ya Kabuno maji yaliyojaa gesi ya kaboni dioksidi huanzia mita kumi na kitu tu, na hakuna pete inayostahili kufuatwa huko.

Waendesha maboti huniuliza juu ya sumaku ya kamba, ile ya neodimiamu. Ni rahisi na ina nguvu ajabu. Itakurudishia spana, nanga na mnyororo. Haitashika dhahabu, fedha, shaba wala alumini, na propela nyingi za injini za maboti ni za alumini. Kuna jambo zito zaidi: eneo letu limepita vita vingi, na risasi na mabomu vimetupwa majini. Sumaku huweza kuvuta hivyo pia. Ukivuta kitu cha chuma cha duara au chenye umbo la chupa, usikisafishe wala usikigonge. Ondoka, ondoa watoto, itisha wanaohusika na kuondoa mabomu. Hata detekta yenyewe inafanana na kifaa chao, kwa hiyo mjulishe chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, kabla hujaingia majini, na usiende nayo mpakani wala kando ya mabwawa ya mto Ruzizi, ambako pia mkondo huvuta vibaya. Ukitaka kutafuta dhahabu ya mtoni, hilo ni suala la sheria ya madini ya Kongo ya 2002 iliyorekebishwa 2018: uchimbaji wa mikono unataka kadi na eneo lililoruhusiwa.

Weka pia pesa za vitu vidogo. Visikilizio visivyo na waya havifanyi kazi chini ya maji, kwa sababu mawimbi ya redio hayapiti huko, kwa hiyo tafuta vya waya. Chekeche yenye mpini mrefu usiiagize nje: mpe fundi wa kuchomelea bati la chuma kisichoshika kutu, lenye matundu ya sentimita moja. Pete haitapita, mchanga utapita. Asubuhi isiyo na upepo usiingie kwenye mabonde ya ukingoni upande wa Sake na Bulengo kabla jua halijapanda. Mazuku, ile gesi nzito ya kaboni dioksidi inayoua, hulala humo.

Sasa juu ya bandia. Minelab na Garrett zimeigwa sana, na bandia mara nyingi hujengwa vizuri kwa nje huku mihuri yake ya mpira ikipitisha maji. Kibaya kuliko bandia ni vile vyombo vya antena vinavyodaiwa kuonyesha dhahabu umbali wa mita 50. Havina kitu ndani. Mwaka 2013 Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vyombo vya antena za namna hiyo kama vigunduzi vya mabomu, na watu walikufa kwa kuviamini.

Kabla hujatoa dola zako, mwombe muuzaji mteremke wote ziwani. Fukia pete yako sentimita 10 kwenye mchanga mweusi, ifunge kwa uzi ili isipotee. Mwambie asawazishe mashine mbele yako, apitishe sahani mara kadhaa kutoka pande mbili. Sauti ikirudi ileile kila mara, zungumzeni bei. Ikija mara moja na kupotea, au akikataa kuteremka, jaribu duka lingine.